Vyeo vya Wabeba Machela

Jumatatu, 6 Februari 1995

Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano. Watoto hawa wataniua kwa hesabu zao. Alfajiri wanaume wa machela walimbeba mke wa Simoni, jirani yangu, kwenda kujifungua. Wamerudi jioni, matope hadi magotini, wanacheka. Mtoto wa kiume.

Redio imesema nyaraka za kijeshi zimekamatwa hapa Mabawe. Vikosi, vyeo, idadi ya waliokufa. Eti wakimbizi wanaandaa vita na wenyeji wanawasaidia. Nimezima. Nina hofu. Siku hizi neno kama hilo linaua.

Jumatano, 8 Februari

Mwalimu mkuu amekuja na gazeti. Picha ya karatasi yenyewe iko ukurasa wa mbele. Nimeitazama. Ni mwandiko wangu.

Ni zamu za machela. Mimi ndiye karani wa kikundi. Mzee Bonifasi hushika mti wa mbele, nikamwandika Kapteni. Deo, mkimbizi anayelima kwake, nikamwandika Sajini, kwa sauti yake ya kuwahimiza wenzake mlimani. Utani wangu. Wakaupenda, wakawa wanaitana hivyo hadi kilabuni. "Kikosi cha kwanza, watu wanane. Waliofika salama, saba. Waliokufa njiani, wawili." Wanane ni wabebaji; waliofika na waliokufa ni wagonjwa. Karatasi ilibandikwa mlangoni kwa Mzee. Wiki iliyopita mtu aliibandua.

Gazeti linauliza hao wawili waliuawa wapi. Mmoja ni mama yangu mzazi.

Mwalimu mkuu ameniuliza kama naufahamu mwandiko huo. Nimesema hapana. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 9 Februari

Gulio. Wamemkamata Deo karibu na wauza maharage. Wamempiga kwa mipini ya majembe, kisha kwa majembe yenyewe. Nimesikia mfupa ukivunjika. Ni watu ninaowajua, wengine nimewafundisha kusoma. Walikuwa wakimwita Sajini huku wanampiga. Mzee Bonifasi alipoingilia, wamemkata mkono kwa panga. Nyumba yake inaungua. Moshi nauona hapa ninapoandika.

Nilikuwa na nyanya mkononi. Nilisimama tu.

Ijumaa, 10 Februari

Deo yu hai. Fuvu limepasuka, damu inamtoka masikioni. Gari hakuna, na hospitali ni mwendo wa saa nne kwa miguu. Wabebaji wote wamejificha. Atakayeshika machela leo atakuwa amekiri kwamba ni askari. Nimeyataka mwenyewe, kwa kalamu yangu.

Nimekwenda ofisi ya kijiji, walikokusanyika wale waliompiga Deo na wanakijiji wengine. Nimesema, "Karatasi ile niliandika mimi. Hakuna askari mle. Ni watu waliowabeba mama zenu."

Nimechukua chaki, nikaandika maneno yale yale ubaoni mbele yao, walinganishe. Mmoja amenipiga ngumi ya mdomo, jino limetoka. Mwingine amesema gazeti haliwezi kudanganya. Nimeendelea kuandika, damu inadondokea gauni. Ndipo Simoni akainamisha kichwa, akatoka kwenda kuitafuta machela. Watatu wakamfuata.

Tumeondoka saa nane mchana, mimi nyuma na maji. Mlima wa pili Deo amekata roho. Tumemshusha chini.

Jumapili, 12 Februari

Jana tumezika. Mzee Bonifasi yuko hospitali, alikwenda kwa miguu yake; jeraha la mkono limeshonwa.

Asubuhi redio imesema nyaraka za Mabawe hazijathibitishwa kuwa za kijeshi. Sentensi moja, kisha mpira. Nimemtukana mtangazaji peke yangu jikoni, halafu nikajikumbuka. Jumatano niliulizwa swali moja tu, nami nikadanganya.

Mchana nimekwenda kwa Konsolata, mjane wa Deo. Nilidhani atanifukuza. Amenipisha mkekani, akanipa uji. Msalaba ulikuwa umeegemea ukuta, mbao mbili na misumari, na kopo la rangi pembeni. Ameniomba niandike, maana yeye hajui. Nimemuuliza niandike nini.

"Jina lake tu, Mwalimu. Usiongeze kitu."

Nimeandika jina lake tu.