Vitanda vya Nunow Kwenda Sangailu

Garissa,
12 Januari 1967.

Mpendwa mpwa wangu Alio,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mombasa, na kwamba kile kifua kimepoa. Sisi tu wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo huamka yakinung'unika kabla yangu. Mama yako hajambo kule Sangailu. Lul muuza maziwa ameniletea salamu zake. Barua nimempa dereva wa basi mkononi, kwa kuwa siku hizi bahasha hufika zimekwisha kufunguliwa.

Nimesoma katika barua yako kwamba umefurahi kuwa Nunow, yule muuza vitanda, anataka kukodi nyumba uliyomjengea mama yako. Tafadhali usimjibu kabla ya kunisikiliza.

Unakumbuka chumba chake kimoja sokoni, akiwauzia makarani magodoro ya pamba. Leo ana maduka hadi Elwak. Tangu vita hivi vya mashifta na serikali vianze, malori ya sukari hulala vizuizini. Lake la magodoro hupita. Hilo ningelimeza, riziki ni ya Mungu. Lakini kila alipofungua duka huko nje, alilifungua pasipo na wanunuzi, watu wakamcheka. Haukupita muda, askari wakawakusanya wafugaji pale pale ndani ya uzio wa waya, ili wasiwape mashifta maziwa, na ngamia wao wakafa kwa kukosa malisho. Mtu asiye na ngamia wa kumhamisha, Alio, hununua kitanda. Nani humtangulizia Nunow habari?

Alipokuja kuniomba nikushawishi, nilimuuliza Sangailu atamuuzia nani, maana watu kule hulala juu ya mikeka na ngozi.

"Adeer, mzee wangu, mtu akitulia hutaka kitanda," akasema.

"Na nani kakwambia watatulia?"

Akapuliza chai iliyokwisha kupoa, akaanza kuulizia magoti yangu.

Huenda namdhulumu. Tumekatazwa kudhaniana vibaya, na labda ni hodari wa biashara tu. Hata hivyo nilimtuma Lul amwambie mama yako awaondoe ngamia, waelekee upande wa msitu wa Boni, kabla lori la Nunow halijafika. Akanijibu kwamba kaka yake apunguze kusoma magazeti. Nyumba ni ya mwanawe, ngamia ni wa mwanawe, naye hang'oi kigingi mpaka mwanawe aseme.

Basi neno ni lako. Mwambie ahame. Dereva huyu huyu anarudi Alhamisi ijayo. Mpe jibu, Lul atalifikisha.

Godoro ninalolalia ni la Nunow pia. Ni laini, siwezi kulisema vibaya. Nililinunua mwaka nilioingia mji huu bila ngamia hata mmoja, nikidhani ni la msimu mmoja.

Nisalimie mkeo Khadijo, na unibusie mdogo Kaaha. Mungu awafunike kwa rehema, na mvua ya kwanza iwakute wanyama wa mama yako njiani.

Wako akupendaye,
mjomba na abti yako, Abdille.