Chokaa ya Tambuu

Jumatatu, 4 Februari 2013
Shule imefunguliwa. Viatu vipya! Mjomba Heimon amevinunua, na ada ya mwaka amelipa yeye. Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Kabla ya kuondoka nilipita bustanini. Majani ya mitambuu yana kingo za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa motoni. Mama anasema ni baridi. Baridi gani inayounguza?

Chemchemi yetu ilikauka mwaka juzi, wachimbaji wa makaa ya mawe walipokitoboa kilima. Mjomba ndiye aliyetuokoa. Aliihamisha mifereji yetu ya mianzi, inayonywesha bustani, mpaka kwenye kijito. "Dada, tazama maji haya! Kokoto zote unaziona." Kweli, ni ya buluu, yanang'aa, hayana tope hata chembe. Mama alimpikia nyama ya nguruwe kwa ufuta mweusi. Chemchemi ilikuwa na tope, na kaa, na viluwiluwi. Kijitoni hamna hata mbu. Tukadhani huo ndio usafi.

Ijumaa, 8 Februari
Mwalimu Ibamon alituambia kila mtu alete maji ya kwao. Chupa yangu ilikuwa nzuri kuliko zote. Balari, mwenzangu wa dawati, akapiga kelele: "Phersara kaleta maji ya harusi!"

Karatasi ya litmasi, ya buluu, ikawa nyekundu papo hapo: alama ya asidi.

Mwalimu hakucheka. Alieleza kwamba mawe yanayotoka na makaa yakipata hewa na maji hutoa asidi. Asidi hulizamisha tope, ndiyo maana maji yanang'aa. Na shimo refu huvuta maji ya ardhini, ndiyo maana chemchemi hufa. Akauliza asidi hupunguzwa na nini. Nikajibu: chokaa. Balari akasema basi mdomo wa bibi yake hauna asidi kabisa, anatafuna tambuu na chokaa tangu alfajiri! Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikuweza.

Mwalimu amenipa kijitabu cha litmasi. Amesema nipime, nisiamini macho.

Jumamosi, 9 Februari
Nimemwonyesha Mama karatasi nyekundu. Aliigeuza upande wa pili, kama atakuta buluu. Kisha: "Usimwambie mjomba wako. Atadhani tunamlaumu, na yule ametutendea wema."

Nimechukua chokaa ya tambuu kwenye kikopo cha Mama. Nikaikoroga kwenye beseni la maji ya kijito, nikaacha itulie. Karatasi ya buluu imebaki buluu! Nitaunywesha mtambuu mmoja tu, ule wa nyuma ya jiko. Bustani nzima ingehitaji gari zima la chokaa. Lakini mmoja naweza.

Jumapili, 17 Februari
Mjomba alikuja baada ya ibada. Alizunguka bustanini, akachuma jani, likavunjika kama papadi iliyokaangwa. Anasema bustani imeshakufa, ila chini yake kuna makaa mazuri. Anaomba Mama akubali achimbe. Kikao cha ukoo ni Jumamosi ya tarehe mbili.

Mama alisema bustani ni ya kitinda mimba wa kike, yaani mimi, kama ilivyokuwa kwake na kwa mama yake. Mjomba akanigeukia akicheka: "Haya, mrithi! Utarithi kuni?"

Alinipa peremende. Mimi nina miaka kumi na mitano.

Alhamisi, 21 Februari
Jani jipya! La kijani, laini, kubwa kama kiganja changu. Ni mtambuu wa nyuma ya jiko peke yake. Chokaa ya nyumbani inakwisha — Mama ameshanunua mara mbili, haulizi inakwenda wapi.

Jumamosi, 23 Februari
Nimepanda kilima na Balari kufuata kijito, tukipima kila kinapoungana na kingine. Nilitaka kujua ni shimo la nani. Nilijipangia maneno ya kwenda kumwambia mwenyewe, kwa adabu.

Mkono wa kushoto — buluu. Kulikuwa hata na samaki wadogo. Mkono wa kulia — nyekundu. Tukafuata mkono wa kulia. Nyekundu, nyekundu. Mawe yamevaa utando wa rangi ya machungwa. Juu kabisa kuna shimo, pampu inakohoa, bomba linatapika maji moja kwa moja kwenye korongo.

Wachimbaji walinijua kabla sijawajua. "Mpwa wa tajiri kaja! Mleteeni chai!" Mmoja akanionya nisinawe kwa maji ya pale, yanauma, wao wenyewe hubeba ya kunywa kutoka mbali. Kwenye msumari wa kibanda palining'inia koti la Mjomba Heimon. Kiraka cha kiwiko nilikishona mimi.

Kwa hiyo chemchemi kaikausha yeye. Kisha akatuhamishia mianzi kwenye maji yake mwenyewe. Alijua? Wachimbaji wanajua. Chai niliinywa.

Balari hakufanya mzaha njia nzima.

Jumatano, 27 Februari
Nimekwenda shule na kandambili. Mama kaniuliza viatu viko wapi. Nimesema vinabana. Sijamwambia la shimo. Akivunja na kaka yake, ada atalipa nani? Na nisiposema, ninasoma nini?

Jumamosi, 2 Machi
Wamekuja wote. Wajomba wanne, Mama Mkubwa, mzee wa ukoo. Naandika jikoni.

Kikao hakianzi kabla tambuu haijazunguka. Mama ametoa sinia: popoo, majani — ya kununua sokoni, sisi! — na kikopo. Mjomba kakifungua. Kitupu.

"Nyumba ya tambuu haina chokaa! Aibu hii niiweke wapi, Dada?"

Wamecheka. Mama hakucheka. Kaniangalia, kaniambia nikalete. Nadhani anajua. Nimebakiza kijiko kimoja, nilikiweka kwa ajili ya mtambuu wangu.

Nimechuma lile jani. Liko hapa gotini, pamoja na karatasi mbili za litmasi, moja ya mkono wa kushoto wa kijito, moja ya mdomo wa bomba. Vyote vitaenea kwenye sinia.

Mjomba anaita: "Phersara! Umekwenda kuichimba hiyo chokaa?" Wanacheka tena. Sauti yake ni ileile iliyonifundisha kuhesabu.

Mzee wa ukoo kasema basi tuanze bila chokaa, mara hii moja. Mjomba kasema sawa, sawa, tuanze.

Mama kasema hapana. Sijawahi kumsikia akimkatiza kaka yake. "Bustani ni ya Phersara. Tunamngoja."

Wananingoja. Nachukua jani, karatasi mbili na kile kijiko cha mwisho cha chokaa, natoka. Mtambuu haujanyweshwa leo