Nyumba Ishirini na Moja za Ng'ambo ya Kijito

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Kifua cha shemeji kimepoa? Mwambie aache kujifanya daktari wa nafsi yake, aende zahanati. Mimi huku mzima, nimenenepa kidogo tu, si kama yule jirani yako alivyorudi kukutangazia.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana watu wakikuuliza unabaki kusema niko ofisini. Ngoja nikueleze. Zamani mambo mazito ya nchi yalikuwa hivi: wanakuja wataalamu kutoka nje, wanakaa hotelini wiki mbili, wanaacha kitabu kinene, wanapanda ndege. Wakubwa wetu wanasaini. Sasa tumekusanywa saba, sote wazaliwa wa hapa, tukafundishwa miaka mitatu, tukapewa chumba kimoja chenye feni mbovu na kompyuta tisa. Mkuu wetu ni mama mmoja mfupi tunayemwita Mama Kwanini, kwa sababu hakuna namba inayompita bila kuulizwa hivyo.

Dada, tumejenga modeli. Ni hesabu moja kubwa ndani ya kompyuta, imebeba nchi nzima: mashamba, viwanda, barabara, mpaka majiko ya watu. Siku ilipofanya kazi mara ya kwanza, Mama Kwanini aliipandisha bei ya mafuta ya taa kwa kubonyeza tu, tukaona wilaya moja moja nani atakaa gizani na nani atamtoa mtoto shule. Haki ya Mungu, nilisisimka mwili mzima. Fundi wetu wa kompyuta, bingwa wa utani, aliuacha utani wake akasogeza kiti karibu na kioo. Mama Kwanini alivua miwani akafuta macho, akasema ametumikia serikali miaka thelathini na hajawahi kuiona nchi yake ikijibu swali aliloliuliza mwenyewe. Nami nililia, wala sioni haya kukuambia.

Kazi ya kwanza tuliyopewa ni ya mbolea ya ruzuku. Haitoshi tena wilaya zote, na mawaziri walitaka tuwaambie zipi ziendelee kuipata na zipi zijitegemee. Safari hii hakuulizwa mgeni yeyote. Jumatatu asubuhi orodha ikatoka. Wilaya ya kwanza kuachwa ilikuwa yetu.

Nilidhani nimesoma vibaya. Modeli ilisema kwetu watu wanakula mara tatu kwa siku na nafaka haiishi ghalani. Fundi akanipiga bega, akanitania kwamba kumbe kwetu tunakula raha na sijawahi kumkaribisha. Wote wakacheka. Mimi sikucheka, maana najua bila ile mifuko miwili ya mbolea huvuni cha kukufikisha hata nusu ya mwaka. Na nilijua uongo ule umetoka wapi.

Dada, nisikufiche. Umetoka kwangu. Unakumbuka miaka sita iliyopita nilipokuja na fomu za utafiti, nikiwa kibarua wa kuhoji watu? Fomu zile ndizo modeli yetu inazozitegemea, na wilaya nzima ilisemewa na nyumba thelathini tu. Kijito kikafurika, siku zikaniishia, na nyumba ishirini na moja za ng'ambo sikuzifikia. Nilikaa sebuleni kwako, nawe ukidhani nanakili, nikazijaza zote kwa kubuni. Wala si uvivu tu. Fomu zile zilikuwa zikisomwa na wageni, nikaona aibu wajue kwetu kuna nyumba zinazokula mara moja. Nikawapa watu mabati. Nikawapa ng'ombe. Nikawapa chakula cha mchana. Nilidhani nawasitiri.

Nilimwendea Mama Kwanini nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akauliza kwa nini, nikamjibu hiyohiyo aibu. Kisha akasema wageni wangeichukua namba ile bila hata kuihoji, kwa sababu hawana dada kule. Amemwomba waziri wiki tatu za kurudia utafiti, na sababu ameiandika kama ilivyo, jina langu limo. Kama nitabaki kazini sijui. Ila jamani, kitu kikubwa vile, chenye nchi nzima tumboni, kiliniamini mimi kibarua mwenye viatu vya tope. Nikikaa nikiwaza hilo, mwili unasisimka upya, na safari hii kwa woga.

Nakuja Alhamisi na fomu mpya, na mwenzangu mmoja wa kunichunga. Nyumba yako nayo imo. Nisalimie shemeji na watoto, na mama mkwe wako mwambie namkumbuka. Nakuomba jambo moja tu: usiazime kuku kwa jirani kwa ajili yangu. Nitakapokuuliza jana mlikula mara ngapi, usinionee haya kwa kuwa ni mdogo wako. Niambie, nami nitaandika hivyohivyo.

Ni mimi mdogo wako,
niliyewalisha watu kwa kalamu.