Bahari za Shemeji

Jumatano

Na bado shemeji akaniapia, macho makavu.

Leo niliwafundisha Kidato cha Pili kwamba huenda ziko sayari zenye bahari zilizopandana, kimiminika kizito chini, chepesi juu, na wala havichanganyiki. Nikachukua glasi. Asali chini, maji katikati, mafuta ya alizeti juu. Asali ilikuwa ya shemeji Ramadhani, mdogo wa mume wangu, anayeiuza mtaani kwetu Chemchem akisema imetoka kwenye mizinga ya Tura.

Mafuta yalitulia juu, sina neno nayo. Asali ya shemeji ilijichanganya na maji kabla sijamaliza sentensi.

"Madam," akauliza binti wa dawati la mbele, "mbona bahari ya chini imehama?"

Nusu ya darasa ni watoto wa warina asali. Hawakunisubiri nijibu. "Imechakachuliwa hiyo," wakasema wa nyuma, wakacheka.

Kuwauzia watu wa Tabora maji ya sukari ukayaita asali. Na mimi ndiye niliyeisifia ofisini, walimu wakanunua kwa neno langu. Mama naye anailamba kila asubuhi kwa ajili ya kifua chake. Hilo ndilo linaloniuma.

Jioni shemeji alikuja, nikamweleza yote.

"Wallahi shemeji, asali ni safi. Pengine maji yenu ndiyo mabaya."

Maji yetu.

Nikamwekea chai, na chupa ya asali yake kando. Akaitazama, akaniomba sukari.

Nikamwambia imo humo humo chupani.