Kahawa ya Siku ya Tatu

Jumapili, 5 Novemba

Rudaina amekufa. Dada yangu! Bomu, nyumba nzima, huko Gaza. Simu ya shemeji ilikatika kabla sijauliza kama wamemzika. Tumeweka matanga hapa kwangu, Haifa—matanga bila maiti. Kahawa chungu, tende, viti vya kuazima.

Jumatatu, 6 Novemba

Majirani wamejaa. Kikundi, kimya. Miaka minane tunakutana kila Jumanne, Wayahudi na Waarabu, tunakunywa chai na "kuelewana". Leo Ofer, mwenyekiti wetu, katuma ujumbe: kikao cha kesho kimeahirishwa "kutokana na hali". Hali! Dada yangu ndiye hali.

Tsipora atakuja, najua. Yeye si wa kikundi tu, ni rafiki. Mwanawe ni askari, yuko hukohuko Gaza, na bado nasema atakuja. Nataka neno moja tu kutoka kwake. Pole. Basi.

Jumanne, 7 Novemba

Amekuja. Afadhali asingekuja.

Kaketi karibu na mlango, mikono mapajani. Nikangoja. Kwetu anayeingia ndiye anayetangulia kusema: Mungu amrehemu. Hata mtoto anajua! Yeye ananitazama tu. Shangazi Salwa akaninong'oneza, mnong'ono wa kusikika mtaa mzima: "Mama Rabii, huyu kaja msibani au kaja kutuhesabu?" Kapewa kahawa, kainywa yote, kakaa weee—kisha kaondoka, midomo ikicheza bila sauti. Hata pole!

Nimemwandikia: Ulikuja kutazama kazi ya mwanao? Nikajitoa kwenye kikundi. Hajajibu. Na asijibu.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimerudi kazini, duka la dawa. Hagit, binti wa Kiyahudi tunayesimama naye kaunta, tangu asubuhi hajanisemesha. Nikamlipukia: nyinyi watu mmezaliwa bila pole?

Akashtuka. "Mama Rabii, nilikuwa nakungoja wewe! Kwetu mfiwa ndiye anayefungua mdomo kwanza. Asipofungua, mgeni unakaa kimya. Ndiyo heshima yenyewe. Babu alipokufa watu walikaa nyumbani bila neno, mpaka bibi alipoanza."

Nimeingia stoo nikalia, kwa hasira kuliko huzuni. Miaka minane! Tumejadili mipaka, tumejadili vitabu vya shule, tumefundishana kufunga wali kwenye majani ya mzabibu. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzake, nyinyi mnaombolezaje? Tulidhani nini, kwamba hatutafiwa?

Na ule ujumbe niliomwandikia. Ee Mola.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimekwenda, kabla Sabato yao haijaingia. Njia nzima najipanga: nisamehe, sikujua.

Tsipora akafungua. Macho mekundu. Kimya—ananingoja nianze, kwake mimi bado ni mfiwa. Nikafungua mdomo, kweli nikafungua. Ndipo nikaziona buti nyuma yake, kando ya mlango. Za jeshi. Mwanawe amerudi mapumziko! Maji yanamwagika bafuni, anaoga, anaimba.

Buti zimejaa vumbi la kijivu, kama la saruji. Limetoka wapi, sina haja ya kuuliza. Pengine ni la nyumba nyingine. Pengine ni la Rudaina.

Neno halikutoka. Nikageuka.

Sasa nimekaa ngazi ya chini ya jengo lao, naandika kwenye goti. Mlango wa juu haujafungwa, ningeusikia. Bado amesimama pale. Na wa kuanza kusema ni mimi.