Pingamizi Juu ya Fundi Wanyama

Nakawa, Kampala
6 Novemba 2000

Kwako Shangazi Rosebella,

Nakusihi kabla hujafika mstari wa pili: ukiwa umekaa na mtu, ikunje barua hii na ungoje aondoke. Usimsomee yeyote, hata wa kanisani, hata neno moja. Ukishaisoma itie jikoni iungue.

Baada ya hayo, hujambo Shangazi? Mguu umepoa? Na mtama wa huko Funyula, mvua imewaachia kitu? Sisi ni wazima. Baba anakohoa kwa vumbi la mbao, lakini anakula. Hajui kwamba nakuandikia.

Ulifurahi nilipokuambia nimepata ukarani kwenye uandikishaji wa wapiga kura kule Bukoto. Ni kazi ya muda, na kabla ya kuanza tuliapa kwa maandishi kwamba sisi ni raia. Mwaka huu tumepewa waraka: serikali isiguse uandikishaji. Mwenyekiti wa mtaa, askari, mtumishi yeyote wa serikali, haruhusiwi kukaa nasi, kumdhamini mtu wala kumwandikia barua. Mafunzoni nilipiga makofi, Shangazi. Uchaguzi uliopita Baba aliona kwenye daftari majina ya watu aliowapigia misumari ya jeneza kwa mkono wake mwenyewe, na wenyeviti ndio waliowaandika. Nikasema sasa mambo yatanyooka.

Lakini wako watu wengi ambao mdomo wa mwenyekiti ndio uliokuwa cheti chao. Alikuwa akisimama na kusema, "Huyu namjua, mama yake alikaa nyuma ya kinu," na yanaisha. Sasa wanakuja mezani kwangu, ninawauliza karatasi, wananitazama kama nimewatukana. Bibi mmoja aliniuliza, "Wewe mutoto, mimi nimezaa saba hapa, karatasi ya nini?" Nikamwambia apishe mwingine.

Na mtu yeyote anaweza kulipinga jina la mwenzake. Aliyepingwa alete cheti, au shahidi anayepiga kura kituoni petu, asiye wa serikali, anayejua alikozaliwa. Akishindwa, anafutwa, na jina lake linapelekwa uhamiaji.

Ijumaa nilifungua pingamizi lililoletwa na Ssebunya, yule anayeuza majeneza akitazamana na karakana ya Baba karibu na Mulago. Ameandika juu ya Baba: "Wanyama si raia. Ni Mkenya."

Cheti cha Baba kiliungua na nyumba wakati wa vita vya 1986. Hapa Bukoto aliyebaki hai anayejua kwamba alitoka Lumino, upande wa Uganda, ni Mwenyekiti Lubwama peke yake, kwa sababu baba yake ndiye aliyempokea Baba akiwa kijana. Na Lubwama ni serikali.

Ofisini hawajui kwamba ni baba yangu. Nimelelewa kwako huko Kenya, nimesoma kwako, natumia jina la Nakhisa, si la Baba, na ninalala Nakawa. Lakini Baba akiitwa Mkenya, basi mimi nimeapa uongo, na kiapo kile kina kifungo.

Tafadhali vuka mpaka, uende kanisani Lumino, uombe cheti chake cha ubatizo. Kesi inasikilizwa Jumamosi tarehe 25.

Ni mimi mtoto wako,
Moreen


Funyula
13 Novemba 2000

Mwanangu Moreen,

Namshukuru Mungu anayekutunza. Mimi ni mzima, mguu unauma nikipanda kilima tu. Mtama umeliwa na ndege, lakini muhogo upo. Barua yako nimeisoma chooni, kama mwizi wa kuku. Watoto wakaanza kuuliza kama tumbo limeniharibika.

Mama, hiyo ni serikali gani inayokatazwa kuwajua watu wake? Huku bila chifu huozi, huziki, husajili hata mbuzi. Mnasema mwenyekiti alikuwa akiandika maiti. Basi mfungeni mwenyekiti. Kumziba mdomo aliye hai kunamsaidia nani?

Lumino nilienda. Padri ni kijana, mpole sana, alinikaribisha chai. Vitabu vya ubatizo vya miaka yetu vililiwa na mchwa, akanionyesha makapi yake kwenye boksi. Katekista aliyetufundisha mimi na baba yako alizikwa mwezi wa nane. Nikalia njia nzima hadi mpakani.

Lakini usife moyo. Nilipofika nyumbani nilienda moja kwa moja kwa Chifu Omolo. Nilimweleza kidogo tu, sikukutaja kabisa. Akasema, "Rosebella, mtu wa ukoo wetu hawezi kuteswa ugenini na mimi nipo." Ameandika barua safi kwamba anamjua Wanyama, kwamba ni mtu wake, wa ukoo wa hapa, mwenye tabia njema. Muhuri ameugonga mara mbili. Na kwa kuwa wewe hutakiwi kuonekana, nitaituma kwa basi hadi kituoni kwenu, kwa mkubwa wenu, Alhamisi asubuhi. Mkono wako hautaonekana humo.

Kula vizuri. Ukiwa na hofu husahau kula, nakujua.

Shangazi yako,
Rosebella


Nakawa
16 Novemba 2000

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimeipata barua yako leo mchana, na hii nampa utingo wa basi la jioni. Naomba ikukute mzima, na naomba ikukute kabla hujafanya kitu.

Usiitume barua ya chifu. Kama imo mikononi mwako ichome. Chifu wa Kenya akisema "Wanyama ni mtu wangu", ndivyo Ssebunya anavyosema. Huko muhuri wa chifu unafungua kila mlango. Hapa utamfungia Baba nje ya nyumba yake. Wewe unajua kwamba ukoo wetu uko pande zote mbili, na kwamba mpaka ulitukuta tumelala. Watu wa mezani kwetu hawajui hivyo, wanajua bendera tu.

Jumapili nilikwenda kumwona Baba. Mwenyekiti Lubwama alikuwepo, amekaa juu ya jeneza lisilopakwa rangi.

Baba akamwambia, "Shuka hapo, hilo la mtu."

"Na anilipe kodi basi, namlindia." Kisha akanigeukia. "Binti, nikija Jumamosi ya kesi nikapiga kelele dirishani, mtanifanya nini?"

Nikamwambia watasema serikali imeingilia, na ushahidi wa Baba wote utatupwa.

"Serikali," akasema. "Mimi sijapewa hata sabuni na hiyo serikali."

Walicheka wote wawili. Mimi sikuweza. Baba alinishika bega akaniambia nisije tena hadi mambo yaishe, nisionekane. Anafikiri Jumamosi watu watasimama kwa ajili yake, kwa sababu amewazikia wazazi wao. Shangazi, mimi ndiye ninayewaandikisha. Nawaona wanavyoogopa siku hizi hata kusema jirani yao anaitwa nani.

Nijibu haraka. Niambie umeichoma.

Moreen


Funyula
20 Novemba 2000

Mwanangu,

Sina salamu ndefu. Barua yako imefika jana baada ya ibada. Ya chifu ilipanda basi Alhamisi, kama nilivyosema.

Nilikimbilia stendi nikamkuta dereva yule yule amerudi. Akasema aliikabidhi mwenyewe kwa mama mmoja mrefu mwenye miwani, akatia sahihi. Alifikiri ananifurahisha.

Mungu anisamehe, nilidhani nasaidia. Niambie nifanye nini. Nije? Nisije? Nitakaa karibu na barabara kila basi likipita.

Shangazi


Sehemu nisiyoitaja, Kampala
29 Novemba 2000

Shangazi yangu,

Salamu nyingi, na usilie unaposoma. Sikuandika mapema kwa kuwa tangu Jumamosi nilikuwa nikimhangaikia Baba. Mama mrefu mwenye miwani ni Akidi, msimamizi wetu. Si mtu mbaya. Anaufuata waraka kama mtu anayevuka mto juu ya gogo, hatazami kando.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Akidi alinipa barua ya chifu akasema, "Moreen, wewe Kiswahili chako ni cha shule. Wasomee." Nikasimama nikaisoma. Nilipofika "ni mtu wangu, wa ukoo wa hapa", Ssebunya alipiga paja akasema, "Mumesikia? Bosi wake mwenyewe amekuja kumuchukua." Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa amevaa koti la harusi yake.

Lubwama alikuwa nje dirishani, kofia mkononi. Akamwita Akidi kwa heshima, "Nnyabo, mimi nilikula na huyu sahani moja tukiwa vijana. Alikuja kwetu ametoka Lumino na miguu peku."

Akidi akamjibu kwa heshima ile ile, "Ssebo, wewe ni serikali. Ondoka dirishani."

"Basi naacha uenyekiti. Saa hii. Mushike muhuri wenu."

"Ukiacha leo, wakati pingamizi linaletwa ulikuwa nao. Ondoka, tafadhali, nisiite askari."

Baba aliwageukia watu. Aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, wale aliowachongea wazazi wao majeneza. Mama mmoja alianza kunyanyuka, na Ssebunya akasema kwa upole kabisa, "Simama, maama. Na wewe cheti chako tutakiuliza kesho." Akakaa. Simlaumu. Nilikuwa nimekaa kabla yake.

Ndipo Akidi akamuuliza Baba swali la mwisho, kama ilivyoandikwa kwenye waraka. "Mzee, una mtoto yeyote aliyeandikishwa Uganda kama raia?"

Alinitazama, Shangazi. Si kwa muda mrefu. Akasema, "Sina mtoto."

Na mimi nilikuwa na kalamu. Ni kazi yangu kuandika majibu. Niliandika: Hana mtoto. Kisha nikapiga mstari juu ya jina lake, kwa rula, kwa sababu tulifundishwa kutumia rula.

Jumatatu watu wa uhamiaji walimchukua karakanani. Lubwama alinitumia habari. Wanamweka wakingoja kumpeleka mpakani na kumwacha ng'ambo, ambako hana nyumba wala kaburi la mtu. Jana nilikwenda kwa Akidi nikamwambia, yule mzee ni baba yangu. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema, "Sijasikia. Lakini kesho asubuhi nitakuwa nimesikia, na nitatakiwa kuandika." Hivyo ndivyo alivyonipa siku moja.

Nimeusoma waraka mara nyingi kuliko Biblia. Unamkataza mwenyekiti kusema kituoni. Juu ya mahakama haukusema kitu. Rufaa nimeipeleka kwa hakimu kwa jina langu, kama mtoto wake. Hakimu atatusikiliza Jumatatu tarehe 11 Desemba, saa tatu. Wanaweza kunikamata hapo hapo kwa kile kiapo. Lubwama atakuja. Lakini yeye alimwona Baba akifika Bukoto, hakumwona akizaliwa. Wewe ulizaliwa Lumino katika nyumba ile ile, mama mmoja. Wewe ndoa ndiyo iliyokuvusha, Baba hajavuka. Mahakamani hawatakuuliza kama unapiga kura Bukoto. Njoo useme hivyo tu. Usilete barua ya mtu yeyote.

Sikiliza vizuri jinsi ya kunipata. Usiandike tena kwa anwani ya Nakawa, wala usiulize ofisini. Panda basi la mchana la Jumamosi kabla ya kesi, ushukie Nakawa kabla halijaingia mjini. Ingia sokoni kwa upande wa vitenge, umtafute Nabintu, Mkongomani mnene mwenye sauti ya kiume. Ndiye anayenihifadhi. Ananishonesha pindo na hataki kujua zaidi. Usimtajie Moreen wala Nakhisa, hayo majina hayajui. Nimempa jina moja tu. Mwambie unamtafuta mtoto wa Wanyama, fundi wa majeneza. Sema kwa sauti, mashine zina kelele. Nitaitika.

Mtoto wa ndugu yako