Viatu Vyeupe Kwenye Majani Mabichi

Dada Rehema, shikamoo.

Sauti moja haijanitoka masikioni: fyuu! Ni kiatu changu kikiteleza juzi, katikati ya kupiga, kwenye uwanja wa gofu hapa Morogoro. Mvua ya Uluguru ilikuwa imelowesha kila mteremko. Viatu ulivyoninunulia ni laini kama soksi, lakini soli zake hazishiki majani mabichi. Mashimo tisa nilipiga mara sitini na mbili, na kwenye gofu bora ni anayepiga mara chache; tena ilibaki siku moja tu ya kuchagua timu ya chuo.

Mama Veronika, mkulima wa Bigwa anayenibebea fimbo, alicheka hadi akaliweka begi chini. “Mwanangu, umekuja kucheza au kuserereka?” Akataka kuniazima njumu zake za gofu, kuukuu, zenye meno chini. Nilikataa. Niliona kama nakusaliti wewe uliyezunguka Kariakoo nzima kunichagulia vile vyeupe.

Usiku nilijiuliza kama nataka kukufurahisha au kucheza. Jana nikazivaa. Zinabana, na vidole viliwaka moto tangu shimo la pili, lakini miguu ilisimama. Nimepiga hamsini na tatu, nikapata nafasi ya mwisho kwenye timu!

Kumbatia watoto, na Mama yetu asikose dawa zake. Usininunie, dada yangu. Mama Veronika nimeshabadilishana naye jumla, na vyeupe vimeshapanda naye Bigwa, amevivalia jozi mbili za soksi visimpwaye.

Mdogo wako,
Asha